Sauti Iliyobaki Kibandani

Hebu niambie, umewahi kusikia sauti yako mwenyewe ikiongea mahali ambapo wewe hupo? Usicheke. Nabangala naye alikuwa akicheka mambo kama hayo, mpaka ile Alhamisi kwenye hoteli moja pale Nakasero.

Alikuwa mkalimani. Mchina akisema, yeye husema Kiingereza. Wenyeji wakijibu, yeye hurudisha Kichina, papo kwa papo. Alikaa ndani ya kibanda cha vioo nyuma ya ukumbi, hedifoni masikioni, chupa ya maji kushoto, peremende tatu kulia, kazipanga mstari. Kazi hiyo hufanywa na wawili, wakipokezana kila dakika ishirini, maana kichwa kinachosikiliza lugha moja huku mdomo ukisema nyingine huchemka kama sufuria iliyofunikwa.

Siku hiyo mwenzake Estelle, Mkongomani wa Butembo, alilala na malaria kwake Bugolobi.

"Utamaliza peke yako, nnyabo," alisema Florence, msimamizi wa mkutano. "Ni saa moja tu, banange! Ukitoka mle, tumekwisha."

Saa moja ikazaa tatu.

Sasa, kazi ile ina mwiko wake: mkalimani hana "mimi" yake. Mzee Qiu, mwenye kiwanda, akisema "mimi nimefurahi," Nabangala naye husema "mimi nimefurahi," wala hasemi "mzee anasema." Basi saa ya pili, alipozidiwa, akanong'ona kwa Kiingereza kwenye kipaza sauti, "Samahani, mimi nimechoka. Naomba kupumzika."

Ukumbi mzima ukamgeukia Mzee Qiu. Pole zikamiminika! Wakamletea chai ya tangawizi na mto wa kuegemea mgongo. Mzee akashangaa, akanywa, akaendelea kuhutubia. Nabangala akaendelea kumtafsiria.

Saa ya tatu, mdomo wake ukatamka "mabomba ya maji machafu." Alipotazama mbele, mzee alikuwa bado anafuta miwani. Kisha mzee akaivaa, akafungua kinywa, akataja mabomba ya maji machafu.

Likaja neno jingine, na jingine, yote yakimtangulia mzee. Akavua hedifoni, akazilaza mezani, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Kwenye ujia mwembamba nyuma ya kibanda alimkuta Odur, fundi mitambo, hedifoni sikio moja, chapati mkononi. Odur akaacha kutafuna.

"Eh, madamu! Wewe si uko ndani unaongea?"

Akamvisha hedifoni. Nabangala akajisikia. Kiingereza chake, lafudhi yake ya Bungoma ambayo Estelle humtania nayo, hata kile kikohozi chake kidogo mwisho wa sentensi.

"Umenirekodi," alitaka kusema. Kinywani likaja, "Kodi ya miaka mitano."

"Kodi gani tena?" Odur akarudi nyuma hatua moja. "Madamu, unanitisha."

Akajaribu jina la mama yake. Yakatoka mabomba.

Kupitia kioo aliona kibanda kitupu. Taa nyekundu ya kipaza sauti ilikuwa inawaka. Peremende zilibaki mbili. Ukumbini watu walitikisa vichwa kwa kuridhika, na Florence alikuwa amekigeukia kibanda, anakitabasamia. Hapo Nabangala akajua: akienda nyumbani hivi, atakwenda bila maneno yake, na ile sauti itabaki hapa ikifanya kazi milele.

Hakukimbia. Alipita katikati ya viti hadi mbele, akashika ukingo wa meza ya Mzee Qiu. Florence akainuka nusu, akimpungia mkono arudi. Nabangala akatafuta neno ambalo si la Kiingereza wala la Kichina, neno ambalo hakuwahi kulipwa kulisema. Alilipata mbali sana, kama sindano chini ya kabati.

"Nabangala," akasema.

Masikioni mwa watu sauti ikakwama. Mmoja mmoja wakavua hedifoni, wakazitikisa, wakamtazama. Kule nyuma taa nyekundu ikazimika.

"Mimi ni Nabangala," akasema kwa Kiswahili, polepole, kama mtoto anayejifunza. "Siye mzee aliyechoka. Mimi ndiye niliyechoka. Nataka kwenda nyumbani."