Kivuli cha Juni

Ghaliya alipostaafu ualimu mwaka 1998, alitaka kitu kimoja tu: nyumba yake mwenyewe, ambayo pensheni yake ingeweza kuiendesha mpaka mwisho wa umri wake. Kununua hakukumtisha. Kiinua mgongo na urithi wa marehemu mumewe vilitosha kupata nyumba ndogo ya chini, mbali kidogo na katikati ya mji. Lakini Maskati nyumba hununuliwa mara mbili: kwanza kwa aliyeijenga, kisha kila kiangazi kwa mita ya umeme. Wastaafu wengi aliowajua walishindwa na ununuzi wa pili.

Wakati huo alikaa ghorofa ya juu nyumbani kwa mwanawe Talal, huko Bawshar. Chumba chake kilitazama machweo kupitia kioo kipana kama cha duka, na kuanzia Mei kiyoyozi hakikuzimwa hata kwa muda wa sala. Hakuna aliyemkosea. Noof, mkewe Talal, alimheshimu, na wajukuu hawakumwacha peke yake. Lakini alikuwa ameongoza shule, na sasa hata kuhamisha kiti kulihitaji shauri la nyumba nzima.

Talal alisema watu watasema wamemtupa mama yao. Alipoona hoja hiyo haikumtikisa, alishika nyingine: kwamba wanawake wawili wa umri ule hawataweza kiangazi. Wa pili alikuwa Bakhita, dada wa marehemu mumewe Ghaliya, muuguzi mstaafu asiye na watoto, ambaye alikwishakubali kuhamia naye. Walibishana wiki nzima, kwa upole, mpaka Talal akatoa sharti.

"Nunua, Mama. Lakini siku utakayonipigia simu kwa ajili ya joto, nyumba tunaipangisha na weye unarudi hapa. Bila ya maneno."

"Bila ya maneno," alijibu Ghaliya.

Dalali alikuwa Sleyum, ambaye wazee wake walirudi Oman kutoka Tabora. Kama madalali wote wa mji, alizoea kuonyesha nyumba baada ya Magharibi, hewa imepoa na taa zimewashwa. Ghaliya alimwambia atakwenda kutazama saa nane mchana au hatakwenda kabisa. Sleyum alikuja, macho mazito kwa wali wa mchana.

Nyumba ya kwanza ilikuwa Sib, karibu na pwani, yenye madirisha pande zote. Bakhita alisimama katikati ya ukumbi na kupanua mikono. Alizaliwa Unguja, na kwake nyumba isiyopenywa na upepo ilikuwa bohari.

"Wifi, hapa tutapata upepo," alisema.

"Upepo gani?"

Ghaliya alimkumbusha kwamba upepo wa Unguja hutoka baharini, lakini Juni ya Maskati ina gharbi, upepo unaotoka jangwani, na gharbi hauingii mahali isipokuwa umefunguliwa dirisha au umewekewa kioo cha kupasha moto.

"Basi tukakae pangoni," alisema Bakhita.

"Pango ndilo nnalolitafuta."

Januari, Sleyum aliwapeleka Mawaleh, nyuma ya soko kuu la mboga na matunda. Alikuwa amejifunza mteja wake anataka nini. Nyumba aliyowaonyesha ilikuwa na jengo la ghorofa tatu upande wa kusini-magharibi, na saa nane ile ukuta wake wote ulikuwa kivulini. Bakhita aliegemea ukuta na kusema wamefika. Ghaliya aliugusa, akatazama jua lilipo, akasema hapana.

Alikuwa akitazama nyumba nyingine mwisho wa njia ile ile. Ilikuwa tupu, ndogo, kuta nene, na upande wake mmoja, ng'ambo ya kichochoro, ulisimama ukuta mrefu usio na dirisha wa ghala la baridi la matunda. Sleyum alicheka kidogo, kwa adabu.

"Ile haitakiwi na mtu, Mwalimu. Mwenyewe amepunguza bei mara tatu. Malori yananguruma kabla ya alfajiri, ghala limekuziba, na hata kivuli chake hakikufikii. Angalia jua linavyoipiga."

Jua lilikuwa linaipiga kweli. Ghaliya aliomba mti wa ufagio, akausimamisha uani, akatazama kivuli chake kilikoelekea. Kisha akapima urefu wa ghala kwa kivuli cha ghala lenyewe, kama alivyowafundisha wasichana wa sekondari kwa karibu robo karne. Januari jua la Maskati hushuka kusini-magharibi. Juni hupita utosini na kushuka magharibi, likizidi kuegemea kaskazini. Jengo linaloifunika ile nyumba ya kwanza ya Mawaleh wakati wa baridi lingekuwa halina kazi wakati wa joto. Ghala lilisimama magharibi na kaskazini-magharibi mwa hii ya pili: wakati wa baridi halikuifaa kitu, wakati wa joto lingeifunika. Alifanya hesabu mara mbili, na mwezi uliofuata hati ya nyumba ilitoka kwa jina lake.

Februari jamaa walikuja kuwapongeza, wakakaa ukumbini wakikunja macho kwa jua la alasiri. Bakhita aliwahudumia halwa na maneno.

"Wifi yangu kanunua nyumba nyuma ya friji," aliwaambia, "na mlango wa friji uko upande wa pili."

 Talal alitoka uani, akaweka kiganja kwenye ukuta wa magharibi, akakiondoa upesi, akatabasamu. Tabasamu lile lilimuudhi Ghaliya kuliko mzaha wote.

Malori yalinguruma kama alivyosema Sleyum. Bakhita alilalamika mwezi mmoja, kisha akaanza kuyatumia badala ya saa ya kuamkia sala. Ghaliya alipakaza paa chokaa nyeupe, akaziba dirisha moja la magharibi, akangoja. Katikati ya Aprili ncha ya kivuli cha ghala ilifika pembe ya nyumba. Hakumwambia mtu. Hesabu ilikuwa sahihi, lakini hesabu ilikuwa ya jua, si ya miili ya wanawake wawili.

Gharbi ulivuma Juni. Siku ya tatu yake, kabla ya adhuhuri, jua lilikuwa juu ya paa moja kwa moja na hapakuwa na kivuli popote, hata chini ya ghala. Bakhita alikaa sakafuni na kitambaa chenye maji shingoni. Kiyoyozi cha chumba cha kulala kilikuwepo, lakini kukiwasha mchana kutwa, kila siku, ndiko kushindwa kwenyewe, na wote wawili walilijua hilo. Bakhita aliitazama simu iliyokuwa juu ya meza.

"Wifi, mie si mwanafunzi wako. Mpigie mtoto."

"Nipe mpaka alasiri."

"Na ikifika alasiri?"

"Ikiwa ukuta una moto, nitampigia mwenyewe, na maneno yote ya Talal nitayakubali."

Walisali adhuhuri. Ghaliya alikaa uani, mlangoni, kichwa amekifunika, akitazama kichochoro. Kivuli kilitoka chini ya ghala kama maji yanayotoka chini ya mlango. Kilivuka kichochoro, kikafika ukuta, kikaanza kuupanda. Adhana ya alasiri ilipotoka, ukuta wote ulikuwa kivulini na ukingo wa kivuli ulikuwa unatambaa juu ya chokaa ya paa. Alipoingia ndani alimkuta Bakhita amelala usingizi kwenye mkeka, ameegemeza mgongo ukuta wa magharibi.

Simu ililia jioni ya pili yake. Alikuwa Talal. Aliuliza hali, akauliza hali tena, kisha akasema viyoyozi viwili vya juu vimekufa kwa pamoja, fundi ameahidi keshokutwa, na watoto hawajalala. Aliuliza kama wanaweza kuja.

"Kwa ajili ya joto?" aliuliza Ghaliya.



"Kwa ajili ya joto, Mama."

"Mwambie waje na magodoro," alisema Bakhita kutoka jikoni, kwa sauti ya kusikika Bawshar. "Friji letu lina nafasi."

Walikuja wote. Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, Talal alitoka uani, akaweka kiganja kwenye ukuta ule ule. Safari hii hakukiondoa upesi. Aliporudi ndani, alimuuliza mama yake habari ya kiwanja kilicho pembeni mwao. Sleyum alikuwa amemwambia kinauzwa.

"Kile kimekwenda kusini mno," alisema Ghaliya. "Kivuli chake ni cha Januari, si cha Juni. Kipo kingine nyuma ya msikiti. Ukitaka, Ijumaa twende nikuonyeshe. Saa nane."

"Saa nane jua kali, Mama."

"Ndiyo maana."