Chokaa Msituni

"Weka chini hiyo brashi, dada."

"Niiweke chini, nani amalizie? Wewe?"

"Hakuna cha kumalizia. Umeshaufyeka msitu umekuwa kiwanja cha mpira."

"Afadhali kiwanja cha mpira. Kiwanjani mgeni haumwi na siafu."

Teresia alisema hayo bila kuinua kichwa. Alikuwa amechutama kando ya njia mpya iliyopanda mlimani, ndoo ya chokaa ubavuni, akipaka jiwe kwa mikono isiyotaka mzaha. Nyuma yake mawe meupe yalishuka hadi kijijini, yamejipanga pande zote mbili za njia kama meno ya mtu anayecheka peke yake. Mbele yake akina mama wa kikundi chake walikuwa wakifyeka.

Anselmi, mdogo wake, alisimama juu yake ndani ya koti la mitumba lililomzidi mabega. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuwaongoza wageni watakaopanda kesho kutoka Mikumi. Walikuwa wametosheka na tembo wa hifadhini, sasa walitaka kuona milima na maporomoko ya maji. Wakipapenda, kijiji kitaingizwa katika safari zao za kila kiangazi. Wasipopapenda, wataenda kwingine, na milima haina uhaba.

"Walisema wanataka kutembea msituni," Anselmi alisema. "Msituni, dada. Bustani wanazo kwao."

"Mgeni hapitishwi vichakani. Mama alitufundisha kufagia uwanja kabla mgeni hajapiga hodi. Au siku hiyo ulikuwa umelala?"

"Mama alifagia uwanja. Hakufagia mlima."

Wanawake waliangua kicheko. "Hapo amekupata, Mama Editha!" Magreti alipiga kelele, akiegemea fyekeo lake.

"Wewe fyeka. Utamsikiliza mtu asiyejua hata kukunja shuka lake?"

"Basi angalau kule juu kwenye maporomoko usiguse," Anselmi alisema kwa sauti ya chini.

"Kule juu ndiko wanakokwenda. Nimwoshe mtu miguu nimwachie uso mchafu?"

Anselmi alimtazama, akafyonya, akashuka zake.

Teresia hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa na stashahada yake ya utunzaji wa stoo, na kwa miaka mingi alishika funguo za stoo katika shamba la mkonge huko chini, upande wa Kilosa. Huko alijifunza namna wakubwa wanavyopokewa: kila ziara ilipotangazwa, mawe yalipakwa chokaa kutoka getini hadi ofisini, na miti ikavishwa soksi nyeupe. Hata yule tajiri aliyekuja kulinunua shamba, zama hizo serikali ilipokuwa ikiuza mashamba yake, alipokewa kwa chokaa mbichi. Aliyatazama mawe, akatabasamu, akawarudisha watu makwao bila kazi. Teresia alirudi mlimani kwa ukoo wa mama yake. Huko ardhi hufuata upande wa mama, na mteremko wote hadi kwenye maporomoko ulikuwa mikononi mwake, binti mkubwa.

Lakini binti yake mwenyewe hakurudi naye. Editha alibaki Mikumi, kando ya barabara kuu, akiwauzia mayai ya kuchemsha madereva wa malori yaendayo Zambia. Mama mtu alikuwa amempelekea salamu: wageni wakianza kuja huku juu, patakuwa na kazi ya kupika, rudi. Salamu za Editha zilirudi fupi: wakianza, nitakuja. Tangu hapo Teresia alilala na kuamka na neno hilo moja, wakianza, kama mtu aliyelala na punje ya mchanga ndani ya jicho.

Akachukua ndoo, panga na brashi ya katani, akapanda peke yake.

Kwenye maporomoko ukungu ulikuwa umeshuka. Uliingia kati ya miti bila haraka, mithili ya mwenye nyumba anayekagua vyumba vyake, na kila ulipogusa mti, mti ulisogea mbali kidogo. Maji yalianguka, lakini sauti yake ilitoka pande zote, hata chini ya nyayo. Teresia alichagua mwamba wa kwanza, ule ambao mgeni angeuona kabla ya mingine. Ulikuwa umevaa majani laini kama sufi, na katikati yake viliota vimaua vya zambarau, vidogo, vimejificha. Aliona uchafu. Akausugua. Sufi ikatoka vipande vipande, maua yakaenda na maji, na mwamba ukabaki uchi. Akaupaka chokaa mara mbili, akarudi nyuma autazame.

Ulikuwa kaburi. Hakulitafuta neno hilo. Lilikuja lenyewe likakaa kitako. Kaburi lililopakwa vizuri, na chokaa ikitiririka polepole kuelekea kidimbwi, ikifanya ndani ya maji wingu jeupe lililotanuka kama maziwa.

Akakaa kwenye mwamba wa pili. Kiganja chake kilitua juu ya jani. Lilikuwa nene, lenye vinyweleo, lina ubaridi na uhai, kama sikio la mtoto aliyetoka kuogeshwa. Alitaka kuondoa mkono, mkono haukutaka. Akainama. Ua lilikuwa na jicho la manjano lisilomtazama yeye wala mtu mwingine yeyote. Halikumngoja mgeni. Halikuwa limejipanga. Tone likadondoka kutoka juu, jani likainama, likainuka, na tone jingine lilikuwa tayari njiani. Teresia aliona hili likitokea, kisha akaliona tena, na kila mara lilikuwa jipya. Akasikia yeye mwenyewe akipumua kwa mwendo uleule. Ukungu ulimfunika magoti, ukamfunika mapaja, na kwa muda ambao hakuupima hakuwa mjane wala mwenyekiti wa kikundi wala karani wa stoo yoyote. Alikuwa kitu kilichokaa juu ya jiwe, na jiwe lilimvumilia.

Ndipo akautazama tena ule mwamba mweupe. Jioni moja, mwanamke mmoja, brashi moja, na nia njema tupu. Akafikiria buti za kesho, na za kiangazi kijacho, na za kingine. Hakuna hata mgeni mmoja atakayekuja na nia mbaya.

Alisimama. Kwa panga alichimba shimo mbali na maji, akaimwaga humo chokaa yote iliyosalia, akaifukia na kuikanyaga. Kisha akashuka hadi mahali njia inapopinda, pale ambapo maporomoko yanasikika lakini hayaonekani. Akina mama walikuwa wamefika hapo na mafyekeo yao. Anselmi naye alikuwa amerudi, uso bado umevimba kwa hasira.

"Acheni kufyeka," Teresia alisema. "Njia inaishia hapa."

Magreti alimtazama mikono. "Mama Editha, umeona nini huko juu? Shetani?"

"Nimeona mwamba."

"Dada, subiri," Anselmi alisema. "Mimi nilisema usipake chokaa. Sikusema ufunge njia! Watu wanapanda mlima mzima kuja kuyaona maporomoko."

"Watayasikia."

"Watayasikia? Nani analipia kusikia? Wakienda zao kijiji cha pili je?"

"Waende."

"Na kikundi?"

"Kikundi kitapika kwa atakayekuja. Ardhi ya hapa kwenda juu ni ya mama yetu, Anselmi, na mkubwa ni mimi. Umenisikia?"

Magreti ndiye aliyeuliza kile ambacho wengine walikuwa wakikizungukia. Aliuliza kwa upole, maana naye alikuwa mama. "Na Editha je? Ulisema akisikia wageni wamekuja ndipo atarudi."

Maji yalianguka nyuma ya ukungu, karibu sana, kama mtu anayeongea chumba cha pili. Teresia alijifuta viganja kwenye kanga.

"Editha si wa kuitwa na wageni," alisema. "Nitateremka mimi mwenyewe kumwita. Kesho wao wakipanda, mimi nitakuwa nashuka."

"Na akikataa?"

"Nitakaa naye tumenye mayai."

Kisha akainama, akashika tawi kubwa walilokuwa wamelikata asubuhi, majani yake bado mabichi, akaliburuta ili likingame njia. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Akarudi kuchukua jingine.