Afisa Aliyejificha Chooni

Yule mama kijana alikaa kitandani, kimya kama maji ya mtungini. Jirani alikuwa amelalamika kwetu, ofisi ya ustawi wa jamii, kwamba mama huyu humwacha mtoto wake mchanga akilia peke yake. Kama asingenijibu, ningeandika "hatoi ushirikiano", na mtoto angepelekwa makao ya watoto.

Nikaifunga fomu.

"Mdogo wangu, mimi mtoto wangu wa kwanza nilimfungia chumbani, nikajificha chooni nimeziba masikio. Niliogopa ningemtikisa kwa hasira."

Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe, afisa mzima?"

"Mzima wapi! Nilikuwa sijalala siku nne. Mama mkwe ndiye aliyenitoa, akambeba mtoto, akaniamuru nilale."

Akacheka, kisha akalia. "Mimi huenda kukaa ngazini, dada. Naiogopa mikono yangu."

"Nani anaweza kukubebea mtoto ukalala?"

"Shangazi. Ila naona aibu kumwambia."

Tulimpigia simu hapo hapo. Baada ya muda shangazi aliingia na godoro kichwani, akifoka, "Aibu ya nini, wewe mtoto? Nipe mjukuu wangu!"

Nikaifungua fomu, nikaandika kwa herufi kubwa: MTOTO ABAKI NA MAMA YAKE. Mkuu wangu alisaini bila kubadili neno.