Shimo la Uani

Karai la mwisho la udongo lilipotoka, dada yangu mkubwa alijitupa chini akacheka mpaka akashika mbavu. Shimo lile la nyuma ya nyumba yake tulilichimba wenyewe, yeye na sururu, mimi na koleo. Tukatandika turubai la tangazo la zamani, lenye picha ya bwana mmoja akinyoa ndevu. Mvua ya kwanza ikamfunika mpaka puani.

Maji hayo ndiyo yalikuwa roho ya kitalu changu. Nauza miche, na kiangazi bomba letu huguna tu. Ndoo tuliipiga marufuku isije ikachana turubai. Tulivuta maji kwa mpira, ncha yake tumeiviringishia kitambaa isinyonye tope.

Kiangazi kilipoanza nikaenda kumuuguza mama. Nikarudi kumkuta bwana wa ndevu mkavu kabisa, ananikodolea macho. Mpira umepita juu ya ua hadi kule mteremkoni, kwenye pipa la fundi mwashi. Nikamvaa.

"Nani kakuruhusu, mwizi wewe?"

"Usinitukane bure, dada," fundi alisema, akiendelea kukoroga zege. "Mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyeuvuta huo mpira kwa mdomo wake. Kasema maji tuyamalize, tunalitaka shimo."

"Shimo la nini?"

"La choo cha wapangaji wa vyumba hivi ninavyomjengea. Tangu mwaka jana aliniambia nisihangaike kuchimba, atalipata bure."

Hilo neno bure lilinichoma kuliko ukavu wa bwawa. Dada nilimkuta jikoni anachambua mchele.

"Si wewe uliyesema tuongeze kina, maji yasipashwe moto na jua?"

"Nilisema." Hakubabaika hata kidogo. "Ningekwambia ni la choo, ungechimba?"

"Nisingechimba."

"Basi, mdogo wangu." Akapuliza makapi. "Usininunie. Nimekuwekea ndoo mbili pale mlangoni, za miche yako."

Nilimchukia, nasema wazi, na kilichoniuma zaidi ni kwamba alizijaza mpaka juu, kwa upendo kabisa. Nilitamani kumwagia miguuni. Lakini miche ilikuwa imeshalegea shingo, nikazibeba.

Nilimwagilia miparachichi, kidogo kidogo, kwa kikombe. Ndoo zikaisha kabla sijafika kwenye michungwa. Nikapita katikati yake kwenda ndani, sikuitazama.