Gambusi la Mzee Arimura Lachipua

Tose alikuwa akifagia majivu ya volkano ya Sakurajima barazani aliposikia babake akimsifu Hikozo, mwana wa muuza tofu. Akajua mambo yameharibika. Mzee Arimura hakuwa mtu wa kusifu bure.

"Nimemfanya Hikozo mwanangu," Mzee alisema. "Jina la ukoo na gambusi atarithi yeye."

"Baba, huyo hata kukaza nyuzi hajui!"

"Atajifunza. Wewe binti, lipo gambusi lile jipya la Chikuzen, jepesi, la mabinti. Vipofu wana lao la kuiimbia miungu ya jikoni. Wakubwa wa ikulu wana lao, wanalipakata wanasinzia. Hili letu la Satsuma ni la mashujaa."

Mashujaa wa Satsuma walikwisha vitani miaka thelathini iliyopita, na Hikozo alikuwa akiogopa bata.

Roho ilimuuma Tose. Gambusi hilo alilipiga tangu ana miaka sita. Akalipakata, akashika risha ya kupigia nyuzi, pana kama mwiko, akapiga. Katika ubeti wa tatu ubao wa mforsadi wa lile gambusi ukachipua majani manane. Viwavi wa hariri wa jirani wakapita chini ya ua, wakapanda, wakala. Kufikia adhuhuri walikuwa wamelisokotea gambusi uzi wake wa nne, maana wa zamani ulichakaa.

"Lichume jani lile la shingoni," Mzee alisema, "linaziba sauti."

Hikozo naye akaitwa, akapiga mpaka jasho likamtoka. Hakikuota kitu. Viwavi wakarudi kwao.

"Umeona, Baba?"

"Nimeona, kwani mimi kipofu? Majani yako, jina lake."

Siku ya kumtangaza mrithi, Hikozo alikaa mbele ya wageni na gambusi la kuazima, akipunga risha bila kugusa nyuzi. Sauti ya kuimba alikuwa nayo, ileile ya kuuzia tofu. Tose alipiga lile la ukoo nyuma ya kiambaza cha karatasi. Wageni walilia. Tawi la mforsadi lilipochomoza juu ya kiambaza, mmoja akajipangusa machozi akasema, "Huyu kijana ana mkono!" Wote wakakubali.

Kesho yake Mzee Arimura alimwita seremala, akaagiza kiambaza kirefu zaidi. Tose ndiye aliyeshika ncha ya pili ya kamba ya kupimia.