Mochwari Tumeiacha Nyuma

Habari za ajali ya Obed zilipofika Makandana, mama yake, Tupokigwe, alianguka kabla hajamaliza kuuliza lori limepinduka wapi. Kesho yake alikuwa hospitali kubwa Dar es Salaam, na daktari alikuwa akimweleza mumewe, Mzee Andongwisye. Mishipa haikuziba, mshtuko ndio uliouvimbisha moyo na kuulegeza. Walikuwa wamepitisha puto jembamba kwenye mshipa wa paja hadi karibu na moyo, na mashine ililijaza na kulinyonya kwa kila pigo, moyo upate kupumzika.

"Anaweza kupona kabisa, mzee. Ila asipate mshtuko mwingine."

Mchana ule mdogo wake Andongwisye, Lukasi, akapiga simu kutoka nyumbani. Mwili wa Obed ulikuwa umeharibika, usingengoja. Wamezika.

Jioni Tupokigwe alifumbua macho.

"Baba Obed, mmemzika?"

Kwao mtoto hazikwi mama yake hajamwona. Andongwisye, mzee wa kanisa, aliitazama kwanza mashine.

"Thubutu! Nani azike bila wewe? Yuko mochwari pale kwetu, anakungoja."

"Basi ngoja nipone."

Akapona kweli. Siku ya nne walipunguza nguvu ya mashine, ya tano wakalitoa puto. Akamtania muuguzi kwamba ndizi za Dar kwao huliwa na mbuzi. Kila alipocheka, mumewe aliahirisha. Atamwambia kesho. Kesho ikawa siku ya ruhusa.

"Umemwambia kuwa mmeshazika, mzee?" daktari aliuliza.

"Nimemwambia." Uongo wa pili ulikuwa mwepesi.

Akampigia Lukasi: kaburi lifunikwe kwa majani ya migomba, na asilie mtu.

"Kaka, kaburi nitalifunika. Wanawake nitawafunika na nini?"

Alijua. Mfiwa akichelewa, hata mwezi ukipita, hupokewa kwa kilio upya.

Gari liliingia Makandana mvua ikinyesha. Tupokigwe alikuwa amepakata kanga mpya ya kumfunikia mwanawe.

"Baba Obed, mbona hospitali tumeipita?"

Dereva alitazama mbele.

"Mochwari tumeiacha nyuma, Baba Obed."

Kule migombani mwanamke wa kwanza aliliona gari, akainuka, akajitwika mikono kichwani. Mzee akaushika mkono wa mkewe pale muuguzi alipozoea kuushika, akaanza kutafuta pigo.