Upinde Ulionipima Kifua

Usiku wa kuamkia leo niliota upinde wangu umekaa kwenye kiti changu, mbele ya cherehani yangu, umejitundika futi yangu ya kupimia shingoni, unaniambia nivue shati.

"Vua, fundi," unasema. "Nina wateja wengine."

Nikavua. Siku zote mimi ndiye ninayewaambia watu hivyo, na hakuna aliyewahi kunibishia.

Kabla sijafika mbali niwaeleze huu upinde niliupataje, maana aibu yote ilianzia hapo. Mimi naitwa Yairo Msengi, fundi cherehani hapa Nduguti, mwaka wa kumi na nane sasa nashona suti, sare za shule na magauni ya kwaya. Sijawahi kuwinda hata panya. Lakini shemeji yangu Shaluwa, kaka yake mke wangu, anawinda kwa upinde tangu ujana wake, na kila akija kwetu ni hadithi za porini tu, na mke wangu Eliwaza anamsikiliza mpaka chai inapoa. Siku moja nikajikuta nasema, "Hata mimi nimekuwa nikifikiria kuanza." Mdomo huu jamani! Shaluwa akafurahi kweli kweli. Akaniambia niende mnadani kwa fundi Lameki, mchonga pinde, ninunue upinde wa kuanzia, na mambo ya kibali atashughulikia yeye.

Fundi Lameki alinipa sharti moja tu. "Vuta, shikilia, hesabu mpaka kumi. Mkono ukitetemeka, huo si wako." Akanitolea upinde mwembamba, mwepesi. Nikauona wa kitoto. Nyuma yake ulikuwa unaning'inia mwingine, mnene, mweusi, umezungushiwa ngozi katikati. Mtu mwenye akili timamu angeuvuta. Mimi nikauchukulia kama koti. Nikatoa futi mfukoni, nikapima urefu wake, nikapima bega langu, nikauvaa, nikaenda kwa muuza vioo wa jirani kujitazama. Ulinikaa! Ulinikaa kuliko nguo yoyote niliyowahi kushona kwa mikono yangu. Nikaununua papo hapo, bila kuuvuta hata mara moja.

Hiyo ni wiki tatu zilizopita. Mpaka leo sijaweza kuuvuta zaidi ya upana wa kiganja. Eliwaza nimemwambia nafanya mazoezi kila jioni nyuma ya duka, naye kashawaahidi kwaya nzima mchuzi wa digidigi. Kibali kimetoka, cha digidigi mmoja. Siku yenyewe ya kuwinda ni leo, Jumamosi.

Basi, ndotoni upinde unanipima, mimi nimesimama kifua wazi.

"Kifua," unasoma kwa sauti huku unaandika kwenye daftari langu, "cha kuku wa kienyeji. Mkono, mfupi. Mgongo, wa kukaa. Majivuno..." Futi ikaisha. Upinde ukaunganisha na futi ya pili. "Majivuno, mita tatu na nusu, na kitambaa bado kinaburuta chini."

"Hicho kipimo sisi huwa hatuchukui," nasema.

"Ndiyo maana nguo zenu zinapasuka," unasema upinde.

Kisha ukaninyanyua, ukanitundika begani mwake, ukasimama mbele ya kioo changu. Ukageuka kushoto. Ukageuka kulia. Mimi naning'inia hapo, miguu inapepea, najitahidi kuonekana nadhifu.

"Unanibana kwapani," unasema. "Nakurudisha."

Ukafungua pazia la chumba cha kujaribia nguo, na nyuma ya pazia kuna mnada. Mnada wenyewe ule ule, vumbi lile lile, ila kwenye kibanda cha fundi Lameki wametundikwa watu. Wengine wametundikwa kwa mkanda, wengine kwa ukosi wa shati. Pinde zinapita zinachagua. Upinde mmoja wa kizee unamvutavuta mwalimu wa hesabu mkono, unamwambia mwenzake, "Huyu amekauka vizuri."

Fundi Lameki akanitazama kama mtu anayerudishiwa sufuria iliyotoboka.

"Huyu ni wa kuanzia," anaueleza upinde wangu. "Wa kuanzia kabisa. Nani alikwambia umbebe?"

"Mwenyewe alisema yeye ni wa tembo."

"Sikusema tembo," nasema kutoka begani mwa upinde.

"Ulisema 'wanyama wakubwa wakubwa,'" anasema Lameki. "Nilikuwepo."

Na kweli nilisema, siku ile ya kununua. Lameki akanishusha. "Haya, sharti ni lile lile. Hesabu mpaka kumi." Upinde ukanishika kidole cha kati na mkono wa kushoto, ukaanza kunivuta. Nikahesabu moja. Nikahesabu mbili. Kwenye tatu nikaanza kutetemeka, na sufuria zote za mnadani zikaanza kulia, na vikombe, na vioo vya yule jirani. Mama mmoja wa mihogo ya kukaanga akaita, "Jamani mshikeni huyo baba, mafuta yanamwagika!" Katikati ya watu nikamwona Eliwaza amevaa gauni la kwaya, amejifunika macho na kiganja. Hakuwa anacheka. Afadhali angecheka.

"Tatu," anasema Lameki, anaandika. "Asante. Anayefuata."

Nikakimbia. Nilipogeuka kona ya kibanda nikatokea nyuma ya duka langu, pale ninaposema huwa nafanya mazoezi, na pale pale limesimama gunia langu la maganda ya mahindi, lile la shabaha. Nilikuwa nimelichora duara jekundu katikati. Duara bado jipya kabisa.

"Karibu," linasema gunia. "Leo ndio umekuja?"

"Nimekuja mara nyingi."

"Umekuja mara nyingi kunywa soda. Wiki tatu unanisimamisha hapa juani na hili duara tumboni. Watu wanapita wananiuliza lina maana gani, sina la kuwajibu. Hujanigusa hata siku moja, Yairo. Hata kwa bahati mbaya."

Nikaliomba radhi. Kusema ukweli nilisikia uchungu, kwa sababu ni gunia lililokuwa na subira sana na mimi.

Hapo ndipo niliposikia hodi mbele ya duka. Nikaingia kwa mlango wa nyuma, nikakuta wamekaa kwenye benchi la wateja digidigi wawili, dume na jike. Mnawajua digidigi, mnyama mzima hafiki uzito wa mtoto wa mwaka mmoja, na kokote aendako huenda na mwenzake. Miguu yao haikufika chini. Dume alikuwa na mshale tumboni. Ulikuwa mshale wangu, na nitawaeleza nilijuaje.

Wawindaji wa kwao Shaluwa huchonga alama kwenye mshale, kila mtu na yake, ili ijulikane nani kapiga. Shaluwa aliniambia nichonge yangu. Mimi kuchonga sijui, ninachojua ni kushona. Kwa hiyo mishale yangu yote sita niliishonea lebo ya duka, ile ninayoweka kwenye kola: MSENGI MAVAZI NADHIFU. UKIRIDHIKA WAAMBIE WENZAKO, USIPORIDHIKA TUAMBIE SISI. Nilijiona mjanja kuliko wote.

"Hatukuridhika," anasema jike. "Tumekuja kuwaambia nyinyi."

"Karibuni," nasema. Ndivyo ninavyowaambia wateja wote. "Tatizo ni nini?"

"Tatizo unaliona."

"Pole sana, baba," nikamwambia dume. "Hii imetokea lini?"

"Leo, saa nne na robo asubuhi," anasema jike.

Nikaangalia saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri.

"Bado haijatokea, basi."

"Bado. Tumekuja mapema kwa sababu baadaye hataweza kutembea vizuri." Akatoa kwapani karatasi ya kibali, akaikunjua. Jina langu lilikuwepo, mhuri ulikuwepo, na kwenye nafasi ya mnyama ilikuwa imeandikwa, "mume wangu."

"Mama watoto, tusimsumbue fundi," anasema dume kwa sauti ndogo. "Ana kazi nyingi."

"Wewe kaa kimya, unavuja." Akanigeukia. "Sikiliza, fundi. Kuwindwa hatukatai. Chui anatuwinda, chatu anatuwinda, shemeji yako anatuwinda miaka yote, na sijawahi kuja kugonga hodi kwake. Yeye akipiga, ni mara moja, mtu hajui hata kilichompata. Wewe utavuta nusu. Mkono utatetemeka. Utaachia kwa sababu umechoka, wala hutakuwa umelenga. Mshale utaingia hapa tumboni, na huyu atatembea siku mbili. Siku mbili, fundi. Na mimi natembea nyuma yake, kwa sababu nimezoea kutembea nyuma yake."

Nilitazama ile lebo inavyoning'inia, mshono umenyooka kweli kweli, nikatamani nimeze cherehani.

"Mteja akileta kitambaa chake ukakikata vibaya," anasema jike, "huwa unamwambiaje?"

"Namwambia kitambaa kilikuwa kibovu."

"Na kilikuwa kibovu?"

"Hapana," nasema. "Hata siku moja."

Dume akatikisa kichwa kwa upole, na huo upole wake ndio ulionimaliza. Jike akashuka kwenye benchi, akapanda stuli yangu, akachukua chaki yangu ya bluu mezani. "Inua mkono wa kushoto," anasema. Nikainua. Akanichora msalaba mdogo nyuma ya kwapa, kwenye mbavu, mahali ambapo mtu mwenyewe hafiki hata ajinyonge.

"Hapa," anasema. "Nyuma ya mkono wa mbele. Si tumboni, si pajani. Hapa tu."

"Mbona unanichora mimi?"

"Ili ujue palivyo padogo."

Upinde ulikuwa umesimama mlangoni, umeegemea fremu. "Haya, mwambie," unaniambia. "Ni neno moja tu. Sema huniwezi, twende zetu tukalale."

Nikafungua mdomo niseme. Mdomo umejaa pini. Nyinyi mnaoshona mnajua, huwa tunazibana kwa midomo tukifanya kazi. Natema moja, zinabaki kumi. Natema kumi, zinabaki mia. Saa ya ukutani inakimbia, saa mbili, saa tatu, saa nne. Dume kainuka kwenye benchi, anaanza kutembea kuelekea mlangoni, hatua moja, anapumzika, hatua nyingine. Jike kamfuata nyuma. Na mimi natema pini.

"Baba Sifa! Baba Sifa, amka, unatematema nini kwenye shuka langu?"

Ni Eliwaza. Kumekucha. Kaka yake kashafika, anasema, yuko barazani na pikipiki yake, kashakunywa kikombe cha kwanza.

Na mnajua nilifanya nini, baada ya yote hayo? Nikasema, "Mwambie nakuja, niko tayari kabisa." Hivi ndivyo nilivyo. Nikasimama, nikavua fulana ya kulalia nivae shati la khaki nililojishonea kwa ajili ya siku hii, lenye mifuko saba.

"Simama hapo hapo," anasema Eliwaza. "Inua mkono. Nani kakuchora chaki?"

"Chaki gani?"

"Msalaba. Wa bluu. Hapa nyuma ya kwapa."

Nikajipindapinda kama kuku anayetaka kuona mkia wake. Sikuufikia. Chaki yangu iko dukani, na duka nililifunga jana jioni, funguo ziko msumarini. Na jana nilioga kabla ya kulala, Eliwaza mwenyewe alinisugua mgongo.

"Ni mkubwa?" nikamuuliza.

Akaweka ncha ya kidole chake cha shahada juu yake. "Wapi mkubwa? Nimeshaufunika wote."

Nikabaki nimesimama, kidole chake kiko mbavuni mwangu, na moyo wangu unagonga hapo hapo chini yake. Nikamwambia yote. Kwamba sijawahi kuuvuta. Kwamba jioni zote zile nilikuwa nakunywa soda. Eliwaza hakuondoa kidole. Akasema tu, "Kwaya nitawaambia mimi. Shaluwa utamwambia wewe."

Nikatoka barazani kifua wazi, upinde mkononi. "Shikamoo, shemeji," nikasema, maana Shaluwa ni mkubwa kwangu.

"Marahaba. Mbona hujavaa?"

"Shemeji, huu upinde siwezi kuuvuta. Sijawahi kuuweza hata siku moja."

Shaluwa akaweka kikombe chini. Nilisubiri kicheko, hakikuja. Akauchukua upinde, akauvuta mpaka shavuni, akashikilia. Nikahesabu kimoyomoyo. Kwenye saba mkono wake ukaanza kutetemeka. Akaurudisha taratibu.

"Hata mimi siuwezi," akasema. "Lameki amekuuzia pambo la kibanda."

Hatukwenda porini. Tulikwenda kwa Lameki kurudisha pambo, nikavuta ule mwembamba mbele ya watu wote, nikahesabu mpaka kumi kwa sauti. Kisha tukaja nyuma ya duka. Lebo nilikuwa nimeshazifumua zote sita. Saa nne na robo juu ya alama nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka kwenye gunia, na mshale wangu wa tatu ukaingia ukingoni mwa duara, kwa chini kidogo.

"Tumboni," akasema Shaluwa. "Huyo angetembea."

"Najua," nikamwambia. "Siku mbili." Nikauchomoa mshale, nikarudi nyuma, nikavuta tena.